Mweupe kaunta, mweusi stoo: Hii nayo si dhulma?

MWAKA jana nilikwenda Chita kwenye msiba. Kwa msomaji asiyepajua, Chita ni kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero, ukishaipita Ifakara kuelekea Mlimba. Wengi wamepasikia kwa sababu ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa na mashamba yake ya mpunga. Mimi napajua kwa sababu nyingine, ndiko kwetu. Nilizaliwa huko, nikaondoka kijana, na maisha yangu ya kazi yote yamekuwa Dar es Salaam.

Baada ya hitma, watu wakiwa wanatawanyika, akanifuata mama mmoja mtu mzima amebeba mchele kwenye kiroba, kama kilo kumi hivi. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. "Kaka, siku zote nasema nikikuona nitakushukuru kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe ndiye uliyemshika mkono mwanangu alipokuja mjini hana mtu. Mungu akulipe." Akaniwekea ule mchele miguuni.

Nikaitikia, "Amin." Ningejibu nini? Jamaa walikuwa wamesimama wanasikiliza, na mmoja wao akaongeza kwamba ndivyo inavyotakiwa, Mwislamu akifanikiwa mjini asisahau kwao. Nikauchukua ule mchele, nikapanda nao basi la kurudi. Njia nzima sikupata usingizi.

Ukweli wa jambo lenyewe ni huu. Mwaka 2011 nilikuwa msimamizi wa duka moja la vifaa vya umeme na ujenzi pale Kariakoo. Tajiri alikuwa na maduka mengine, lile akaniachia mimi, na kuajiri kulikuwa mikononi mwangu. Zikatokea nafasi mbili, moja kaunta na nyingine stoo. Wakaja vijana wawili. Mmoja ndiye huyu wa Chita, mtoto wa yule mama, Mndamba mweusi hasa, ana cheti cha kidato cha nne na lafudhi yetu ya bondeni. Mwingine mtoto wa mjini, mweupe, nywele laini, katika wale tunaowaita Waarabu hata kama Kiarabu hawakijui na babu ya babu yao ndiye aliyekuja na jahazi. Huyu alisema cheti chake kimepotea. Nikawapa wote wawili hesabu ileile, mita kadhaa za waya kwa bei ya jumla, toa punguzo, pata salio. Wa Chita alimaliza bila kalkuleta. Mwenzake alikosea mara mbili.

Nikamweka mweupe kaunta kwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Wa kwetu nikampeleka stoo, kupanga na kubeba, kwa shilingi 80,000.

Naomba msomaji anielewe, kwa sababu hapa ndipo kwenye kiini cha makala yote. Sikumchukia yule kijana. Kinyume chake, nilimpenda, nilijua ukoo wao, na moyoni nilijiona nimemsaidia. Wala sikuwa na haja ya kujipendekeza kwa watu weupe. Nilichofikiria ni mteja. Nilijua fundi au mkandarasi akiingia dukani akamwona yule mweupe nyuma ya kaunta atadhani ni mtoto wa tajiri, atamwamini, hatabishana sana na bei. Akimkuta Mndamba atauliza, "Bosi yuko wapi?" Na sikukosea. Mauzo yalikwenda vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba kama hesabu ya biashara nilikuwa sahihi.

Kipo kisa kimoja cha siku zile ambacho kwa miaka mingi nilikuwa nakisimulia kama kichekesho. Yule kijana wa kaunta alinijia siku moja akiwa anacheka, akaniambia, "Mzee, mie hesabu zikinizidi nakimbilia stoo namuuliza jamaa." Nikacheka naye. Yaani alijua, na mimi nilijua. Kila siku hesabu ilipigwa stoo ikalipwa kaunta, na hakuna aliyeona ajabu.

Wa Chita alikaa miezi minane akaaga. Leo anaendesha bodaboda Ifakara. Mwenzake alikaa miaka kadhaa, akawajua wenye mali wa jumla, wakamwamini kwa mkopo, na sasa ana duka lake mwenyewe. Ni mtu mwema. Anatoa zaka, na Ramadhani hafuturu peke yake. Sina la kumlaumu katika tabia.

Sasa ndugu msomaji, sisi tukizungumzia ubaguzi huwa tunazungumzia ule tunaofanyiwa. Hapo kila mmoja ana ushahidi. Mimi mwenyewe nilikuwa hodari wa kuwasimulia wenzangu msikitini utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2010. Watafiti walipeleka kwa waajiri maombi ya kazi ya wanawake wawili wa kubuni, wote Wafaransa wenye asili ya Senegal na ukoo mmoja wa Diouf, elimu na uzoefu wao ukilingana. Tofauti ni kwamba mmoja aliitwa Marie na maombi yake yalionyesha Ukristo, mwingine aliitwa Khadija na yake yalionyesha Uislamu. Marie aliitwa kwenye usaili mara mbili na nusu kuliko Khadija. Tulilaani sana siku ile, na tulikuwa na haki ya kulaani.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, wachumi wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walikuwa wameeleza jinsi walivyopeleka karibu maombi 5,000 ya kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Mwenye jina la kizungu, kama Emily au Greg, alihitaji kupeleka maombi kama 10 ili apigiwe simu moja. Mwenye jina linalofahamika kuwa la watu weusi, kama Lakisha au Jamal, alihitaji kama 15. Karatasi ni ileile, limebadilika jina tu.

Katika mazungumzo yote yale haikunijia hata siku moja kwamba mimi nami ni mmoja wa waajiri wale. Yule wa Chicago aliyelitupa jalada la Jamal, ukimwuliza, atakwambia hana chuki na mtu. Atakwambia ana duka, ana wateja, na wateja wana mazoea yao. Ni maneno yangu neno kwa neno.

Basi tuliangalie hilo la mteja, maana wengi tumejificha ndani yake. Kwa nini fundi mweusi wa Temeke, mwenye pesa yake mfukoni, aingie duka la Kariakoo na kumwamini zaidi mtu mweupe asiyemjua? Hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa, na waliomfundisha walitumia lugha ambayo kila mtu anaielewa haraka, nayo ni mshahara.

Katika utumishi wa serikali za kikoloni Afrika Mashariki kulikuwa na kanuni ya tatu za tano. Mtu asiye Mzungu, awe Mhindi awe Mwafrika, akishika kazi ileile aliyoishika Mzungu, alilipwa sehemu tatu za tano ya mshahara wa Mzungu. Haikuwa siri wala uonevu wa bosi mmoja mkorofi. Ilikuwa kanuni. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliichunguza ikaiacha ibaki. Ilipofika mwaka 1954 ndipo tume nyingine, ya Lidbury, ilipoiondoa na kupendekeza mshahara wa msingi ulio mmoja kwa wote. Lakini angalia ujanja wa dunia. Papo hapo ikawekwa nyongeza maalumu kwa maofisa walioajiriwa kutoka ng'ambo, ya kuwavutia waje. Ikawa Mzungu halipwi zaidi kwa sababu ni Mzungu, analipwa zaidi kwa sababu ametoka mbali. Aliyefanya kazi kwenye mradi wa wafadhili au kampuni ya kigeni hana haja ya kuelezwa zaidi. Meza moja, kazi moja, mmoja ana nyumba, gari na nauli ya likizo kwao, mwingine ana mshahara wa "mwenyeji". Rangi imetoka kwenye maandishi, imebaki kwenye orodha ya malipo.

Nilipoisoma kanuni ile nikachukua kalamu. Tatu za tano ya shilingi 140,000 ni 84,000. Mimi nilimlipa yule kijana 80,000. Mwingereza wa mwaka 1948 angemlipa zaidi yangu. Utasema kazi zao hazikuwa sawa, mmoja aliuza na mwingine alibeba. Kweli. Lakini nani aliyewagawia kazi hizo?

Uhuru ulipokuja jambo hili liliwasumbua wakubwa wenyewe. Mwanzoni serikali ilikuwa na sera ya kuwatanguliza Waafrika katika utumishi, na ilikuwa na sababu, maana ofisi zilikuwa zimejaa wengine. Mapema Januari 1964 Mwalimu Nyerere akaisitisha kwa waraka, kwa hoja kwamba raia ni raia na serikali haiwezi kuwabagua raia wake katika kuajiri, kusomesha na kupandisha vyeo. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi hawakufurahi. Mwezi uleule, kule Zanzibar, yakatokea Mapinduzi, na watu wengi waliuawa kwa kuonekana Waarabu tu, wakiwamo wasiokuwa na kitu. Nalitaja hili kwa sababu wapo watakaoisoma makala hii wakadhani nawachochea weusi wawachukie weupe. Hapana. Kumlipizia mtu kwa rangi ya babu yake ni dhulma ileile imegeuzwa upande. Kwa hiyo nasema Mwalimu alikataza jambo la kukatazwa. Ila waraka wa serikali haufiki machoni mwa mteja wa Kariakoo, wala haukufika machoni mwangu.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, kabila, dini, jinsia na mengineyo. Lakini Kariakoo nani aliyeandika tangazo la kazi? Kijana aliletwa na jamaa, akapimwa kwa macho, akaambiwa aanze kesho. Hakuna karatasi ya kupeleka mbele ya msuluhishi.

Turudi bondeni, maana kule nimeona sura zote mbili za jambo hili.

Ifakara haishangai kumwona Mzungu. Wamisionari walikuwapo tangu enzi, na mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha pale maabara ya utafiti wa magonjwa ambayo ndiyo imekuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa hiyo hakuna anayemkimbilia Mzungu kwa ugeni. Hata hivyo, siku moja nilikuwa kwenye zahanati moja ya bonde, jina lake silitaji, nimekaa kwenye benchi na watu kama 20. Akaingia binti wa Kizungu, mwanafunzi kwa kumtazama, amepauka, anaumwa. Alisimama mlangoni akitafuta mwisho wa foleni uko wapi. Kabla hajaupata, watu watatu tulikuwa tumeshasimama kumpisha. Mimi nilikuwa wa kwanza. Muuguzi akatoka akamshika mkono, akaingizwa ndani. Mbele yangu kulikuwa na mama amempakata mtoto anayechemka homa, yuko pale tangu alfajiri. Naye alisogeza miguu yake binti apite.

Swali langu ni hili, nani alitenda kosa pale? Yule binti hakuomba. Aligeuka akatutazama kama mtu asiyeelewa, kisha akaingia, na mgonjwa gani angekataa? Muuguzi hakuagizwa na mtu. Hakukuwa na Mkoloni mle ndani, aliondoka mwaka 1961. Tulikuwa sisi, na benchi letu. Wakubwa wanasema upendeleo ni kitu walicho nacho wenye rangi fulani. Mimi naona ni kitu tunachowapa, na tunakitoa upya kila asubuhi kwa mikono yetu, na mara nyingi kwa kunyang'anya mtu wa tatu ambaye hakuulizwa. Kiti nilichompa yule binti hakikuwa changu peke yangu kukitoa. Zamu ilikuwa ya yule mtoto.

Sura ya pili niliisikia kwa marehemu mjomba wangu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na inapita palepale Chita. Mjomba alifanya kibarua kwenye ujenzi ule. Wachina walikuja na msingi waliokuwa wameutangaza mapema. Waziri Mkuu wao, Zhou Enlai, akiwa ziarani Ghana Januari 1964, aliweka misingi minane ya misaada ya nchi yake, na wa mwisho unasema wataalamu wa China wataishi kwa kiwango cha wataalamu wa nchi mwenyeji, bila kudai starehe maalumu. Mjomba hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Alisema kambi zao zilikuwa mbali na zetu, chakula chao wanakula wenyewe, na urafiki haukuwa mkubwa. Lakini kuna jambo lilimshangaza mpaka uzeeni. Siku wakuu wa ujenzi walipokuja kijijini, wazee waliandaa viti, kisha wakakwama. Wachina wote walivaa nguo za kazi za aina moja, zina vumbi moja, na aliyekuwa mhandisi asubuhi ile alikuwa ameshika sururu. "Hatukujua tumpe nani kiti," alikuwa akisema, na anacheka mpaka anakohoa.

Sisemi Wachina ni malaika. Waliokuja miaka ya karibuni kutafuta faida hawafanani na wale, na vibarua wanaofanya nao kazi wana hadithi nyingine kabisa. Nachosema ni kwamba mazoea ya kutoa kiti yanaweza kukwama. Yalikwama pale Chita kwa siku moja, kwa sababu ya nguo na sururu tu.

Sasa niingie kwetu zaidi, na hapa baadhi ya wasomaji hawatanipenda. Sisi Waislamu tunajisifu kuwa dini yetu ilimaliza jambo hili zamani, na tunayo haki ya kujisifu kwa dini. Bilal (r.a.) alipanda juu ya Al-Kaaba siku ya kufunguliwa Makka, akaadhini, na wakubwa wa Kiquraishi wakasikia. Katika khutba ya kuaga, Mtume (s.a.w.) alikata mzizi wa ubora wa Mwarabu juu ya asiye Mwarabu na mweupe juu ya mweusi. Haya tunayajua, tunayasoma kila Maulidi. Lakini mbona vitabu vya fiqhi ya Shafi tunavyosomeshana vina mlango wa kufu katika ndoa, na nasaba imo ndani yake, na tunaukumbuka mlango huo vizuri sana siku kijana mweusi anapoleta posa? Mbona mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi mishahara ya wasichana wetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Emirates inavyopangwa kwa utaifa wao badala ya uzoefu wao? Hizo ni nyumba za Waislamu, na adhana inasikika jikoni.

Hadithi inayonikaa kooni ni ya Abu Dharr (r.a.). Huyu ni katika masahaba wa mwanzo, mcha Mungu, mpenda masikini kupita kiasi. Siku moja alimtukana mtu kwa mama yake, na baadhi ya wapokezi wanasema mtu huyo alikuwa Bilal na tusi lenyewe lilihusu weusi wa mama yake. Mtume (s.a.w.) alimweleza kwamba bado ana ujahiliya ndani yake. Zingatia kwamba hakuambiwa ametoka katika dini, wala hakuambiwa ni mtu mbaya. Aliambiwa kuna kitu kimebaki ndani. Kama kilibaki kwa Abu Dharr, mimi msimamizi wa duka ni nani nisibakiwe nacho?

Lakini Abu Dharr alikuwa na nafuu moja kuniliko mimi. Aliyemkosea alikuwa anamjua, na kosa lilikuwa neno. Neno huombewa radhi. Mimi langu ni la aina gani? Tunafundishwa kuwa toba ina masharti yake, na dhambi ikihusu haki ya mja haitoshi kulia juu ya mswala, sharti haki irudi kwa mwenyewe au yeye asamehe. Nikamwendea sheikh mmoja ninayemheshimu, nikamweleza kisa chote. Alifikiri sana. Akasema mshahara tulikubaliana na kijana akaupokea wote, kwa hiyo kwa upande wa mkataba hanidai. Ila nafasi ya kazi ilikuwa amana mikononi mwangu, na amana hupewa anayeistahiki. Akaniambia nimtafute nimwombe msamaha.

Nikapiga hesabu tena, maana mimi ni mtu wa duka. Tofauti ya shilingi 60,000 kwa miezi minane ni 480,000. Hiyo naweza kuituma kwa simu leo hii. Lakini yule wa kaunta hakupata ile 60,000 tu. Alipata kujulikana. Mwenye mali wa jumla alimzoea uso, akampa mzigo kwa mkopo, mzigo ukazaa mwingine, na hatimaye duka. Hiyo nitaituma kwa njia gani? Na nitamdai nani? Nimwendee yule mwenye duka mpya nimwambie duka lako nusu ni la Mndamba? Yeye hakuniomba nimweke kaunta, kama vile binti wa zahanati hakuomba kiti. Kuna wanaosema aliyepewa asichoomba hadaiwi kitu. Nami nilikuwa na rai hiyo mpaka nilipokumbuka kicheko chake alipokuja kunieleza jinsi anavyokimbilia stoo. Kuanzia siku ile alikuwa amejua. Sidhani alikuwa na dhambi ya kupewa. Ila baada ya kujua, angeweza kusema, "Mzee, tubadilishane." Hakusema. Mimi ningekuwa yeye ningesema? Wallahi sijui.

Kuna jambo jingine nililolitambua ndani ya basi nikiwa na ule mchele miguuni. Kwa muda mrefu nilijipa moyo kuwa kijana hajui, na kwamba nikimweleza leo ndipo nitakapomuumiza. Upuuzi. Alipiga ile hesabu mbele yangu, akamwona mwenzake anakosea, akaniona nikimpeleka mwenzake kaunta. Kisha kwa miezi minane alipigiwa hodi stoo kuulizwa majibu. Anajua kuliko mimi. Asiyejua ni mama yake. Na mama hajui kwa sababu mtoto hakumwambia. Alirudi kwao akasema nilimshika mkono. Alinistahi mimi mbele ya ndugu zetu, au alimstahi mama yake asijue mwanawe alipimwa kwa nini. Ama aliona aibu, ingawa aibu haikuwa yake.

Namba yake ninayo. Nilimpigia wiki ile niliporudi. Akapokea, "Shikamoo mjomba," akaniuliza hali ya nyumbani, akaniuliza safari, akasema yuko njiani na abiria, atanipigia akifika. Hakupiga. Nikampigia tena baada ya Ijumaa, simu ikaita mpaka ikakatika. Nyumbani tumeshaupika ule mchele mara tatu. Mke wangu anausifu, anasema haujachanganywa, na ananiuliza nikienda tena Chita nimwagizie kwa nani.